Mstari wa Walioumia

"Huo mstari wa walioumia utoe," meneja alisema, akigonga skrini ya ukutani kwa ukucha wake safi. "Nataka uzalishaji, mauzo na oda, basi. Hayo mengine yananiharibia siku."

Mchambuzi wa takwimu alimkazia macho. Meneja huyuhuyu ndiye aliyemwagiza abuni ukurasa wa kuwaonyesha wakubwa wa kiwanda kila wanachohitaji kujua kabla ya kuamua lolote.

"Bosi, mashine ya kukata imeumiza mtu mwingine juzi. Msipoliona hilo, mtaamuaje kuitengeneza?"

"Dada, usinifundishe kazi. Toa."

Hasira zilimpanda mchambuzi hadi masikio yakamwaka. Huyo mtu mwingine alikuwa mdogo wake. Asubuhi ile alikuwa amemfunga vifungo vya blauzi, maana mkono wake wa kulia ulikuwa donge la bandeji, na yule binti akageukia ukutani asionekane akilia.

Mlango ulifunguliwa. Wajumbe wa bodi wakaanza kuingia, wakivuta viti.

"Umeshatoa?" meneja alinong'ona.

Mchambuzi aligeukia kompyuta yake. Alifuta uzalishaji. Akafuta mauzo, akafuta na oda. Mstari uliobaki akaukuza hadi ukajaa skrini nzima.

"Karibuni, waheshimiwa," alisema. "Leo tunaanza na hili."