Kipimo cha Bakuza

Asubuhi ambayo Mzee Shekiango alitakiwa kuwahishwa hospitali, gari lake kuukuu likagoma kuwaka. Mwenyewe alikuwa kalazwa kiti cha nyuma, anavuta pumzi kwa taabu. Jirani alishakwenda kutafuta gari jingine, hajarudi.

Bakuza, fundi wa mtaa ule, akafunua boneti, akagusisha nyaya za kipimo chake kwenye betri. Mshale ukapanda. Akagusisha kwenye koili, kile kifaa cha kuzalisha cheche, ukapanda tena.

“Umeme unafika, shangazi. Piga stata!”

Bi Mwanatumu, mke wa mzee, aliyekaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka weee, isishike.

“Unafika, lakini cheche haitoki,” Bakuza akasema. “Koili imekufa. Na ya gari kizee namna hii hapa mjini huipati.”

“Usilitukane gari langu,” mzee akanong'ona.

Wakacheka kidogo. Bakuza akajaribu tena na tena, mpaka akaishiwa la kujaribu. Kwenye kiti cha nyuma, zile pumzi za taabu zikawa hazisikiki tena.

Bi Mwanatumu akageuka, akaweka kiganja kifuani kwa mumewe, akakiacha hapo.

“Bakuza, mwanangu, hebu kilete hicho kipimo.”

Bakuza akaja mlangoni, waya mwekundu mkono huu, mweusi mkono huu, asijue pa kuzigusisha.