Mate ya Baraka

Jerotich alikuwa ameketi ukingoni mwa bwawa la hoteli, mtungi wa hewa mgongoni, baba yake alipotokea na gambuti zenye matope ya shamba la Kiplombe.

"Kesho huendi Mombasa," Mzee alisema. "Mto ulimchukua kaka yako. Mimi sipeani mtoto mwingine kwa maji."

"Naenda kuzamia matumbawe na meli iliyozama, Baba. Nilikuomba unitemee mate kifuani, vile ulibariki wengine wakisafiri."

"Mate yangu hutapata."

Mwalimu wa kuzamia, aliyekuwa majini, aliacha kuogelea. Jerotich akachukua miwani ya kuzamia. Kioo kisipopakwa mate hushika ukungu, na chini ya maji huoni hata mkono wako.

Akaitemea mate mbele ya Mzee. Akayapaka kwa kidole gumba, taratibu, kioo kizima, macho yake usoni pa baba yake.

"Basi nimejibariki," akasema.

Akaivaa, akauma mpira wa kupumulia, akajiangusha majini kinyumenyume.

Kutoka chini alimwona Mzee amepiga magoti ukingoni. Kioo hakikuwa na ukungu hata kidogo.