Makofi kutoka Kalemie

Siku hizo, kati ya Kigoma na Kalemie, kilichoruhusiwa kuvuka mpaka ni ushairi tu. Simu zilikuwa zimezimwa. Kila Jumamosi kumbi za miji hiyo miwili ziliunganishwa kwa ukuta wa picha na sauti, na aliyetamka maneno ya kawaida, yasiyo na vina, alikatwa papo hapo.

Mwavita hakuwa malenga. Alikuwa fundi cherehani, na mumewe Kabwe alikuwa amekwama ng'ambo. Alipanda jukwaani Kigoma, akamwona Kabwe ameketi safu ya mbele kule Kalemie.

"Mwanao yu kitandani, mguu haunyanyuki," alighani, "waganga wanabaini, kukatwa hauepuki."

Sauti ilimvunjika. Kumbi zote mbili zikalipuka kwa vifijo.

"Rudia, dada! Rudia!"

Kabwe alikuwa amesimama, akipiga makofi kuliko wote. Alimgeukia jirani yake kwa fahari. "Huyo ni mke wangu!"

Mwavita alitafuta kina kingine, hakukipata.

"Kabwe, ni Shukuru wetu! Si shairi, njoo..."

Ukuta ukawa mweusi. Watu waliguna, wakamwomba malenga mwingine apande. Hakuna aliyeweza kumwambia Mwavita ni neno lipi lililokuwa la mwisho kufika.

Nyumbani, Shukuru alijiinua kidogo kwenye mto.

"Mama, umemwambia baba?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Mwavita alimfunika mguu kwa shuka, taratibu.

"Alipiga makofi, mwanangu."