Mwiko wa Eucabeth

Asubuhi ya misa ya kufunga muhula, mwiko wa jikoni haukuonekana. Eucabeth, mpishi wa shule yetu, alituhoji walimu mmoja mmoja kama wezi.

"Miaka kumi na tisa! Leo ndio mnaniibia?"

Mwishowe alikoroga githeri, mahindi na maharagwe ya watoto mia tatu, kwa ufito wa mti wa chai, huku akilalamika.

Wakati wa matoleo alisimama mlangoni mwa kanisa, aproni ikinuka moshi, mguu mmoja tayari nje. Watoto walipita wakicheza, wamebeba mahindi, mayai, na kikapu cha majani ya chai yaliyochumwa alfajiri. Mwisho wakaja wasichana wawili wa darasa la sita na kitu kirefu kilichofunikwa leso.

Padre alifunua. Ulikuwa mwiko. Ukingo wake mmoja ulikuwa umelika kabisa kwa kukwaruza sufuria miaka hiyo yote.

"Hii ndio imetulisha tangu nasari," msichana mmoja alisema.

Padre aliuinua kwa mikono miwili, akauweka altareni. Kanisa zima likageuka kumtazama mpishi.

Eucabeth alijifuta macho kwa aproni.

"Asanteni," akasema kwa sauti. "Lakini Fatha, naomba unirudishie sasa hivi. Githeri inaungua."