Maziwa Yakifika Mdomoni

Mtumbwi uligonga mchanga wa Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, akashuka Mhindi mmoja, cherehani begani, suruali imelowa mpaka magotini. Hakuuliza njia. Aliuliza chungu.

"Kipya," akamwambia Neli, aliyekuwa akipanga vyungu vyake sokoni. "Kisichowahi kuona jiko. Chenye mdomo mwembamba."

Jina lake Velu. Alikuwa anakwenda kushona sare za askari kwenye boma la Wadachi, lakini asubuhi ile boma lingengoja. Kwao Uhindini, akasema, mpunga ukishavunwa, watu hupika mchele mpya kwa maziwa uani, jua linapochomoza, kulishukuru jua na ng'ombe. Sikukuu ya mwaka huu ilimkuta njiani, hana hata punje.

"Nimesikia mpunga wenu wa Ipyana umeingia sokoni," akasema. "Basi, sikukuu ni leo."

Neli akacheka. Akampa chungu, akamsaidia kupanga mafiga mchangani. Wifi yake, Rut, akaja na kibuyu cha maziwa kutoka nyumbani kwa baba yake.

Velu akauweka kando mchele mpya wa kutia baadaye, akayamimina maziwa yote, mpaka karibu na mdomo wa chungu. Akasukuma kuni.

"Bwana, utayamwaga," Neli akasema.

"Ndiyo maana nataka mtu wa kuangalia. Mimi nitasimama majini, macho nimefumba, nikilingoja jua. Maziwa yakifika mdomoni, piga kelele. Usiache mpaka povu lishuke. Aliyekifinyanga chungu ndiye apige. Utaniahidi?"

"Kelele tu? Nakuahidi."

"Huyu anaitwa kasuku kwao Ikombe," Rut akasema. "Kazi ni kumnyamazisha."

Velu akaingia ziwani. Jua lilikuwa bado nyuma ya milima ya Wakinga, lakini kilele kilishaanza kung'aa. Wauza samaki wakasogea. Mmoja akauliza kama Mhindi anabatizwa au anaoga.

Rut akatazama njiani, akashusha sauti. "Wifi, funika kichwa. Baba anakuja. Anataka kuona maziwa yake yanakoishia."

Neli akajitanda kanga mpaka puani, akageukia chungu. Tangu aolewe, Mzee Zebedayo, baba mkwe wake, alikuwa hajawahi kumwona uso wala kusikia sauti yake, na ndivyo desturi ilivyotaka. Mkwe angemsikia, ingebidi baba yake Neli atoe dume la ng'ombe kusafisha aibu hiyo, na baba yake alikuwa na dume moja tu.

"Nitapiga mimi," Rut akanong'ona.

"Alisema aliyefinyanga."

"Mhindi atajuaje, na macho amefumba?"

Neli akatikisa kichwa. Mzee alikuwa ameshafika, amesimama hatua chache nyuma yao, anakohoa.

Maziwa yakavimba. Povu jeupe likapanda shingoni mwa chungu. Pale majini Velu alikuwa ametulia kama nguzo, midomo ikicheza, akiamini kuna mtu anamwangalizia. Kibuyu kizima cha maziwa. Sikukuu nzima ya mtu aliye mbali na kwao.

Povu likafika mdomoni.

"Yamefika!" Neli akapiga kelele. "Bwana, njoo, yanamwagika!"

Mzee Zebedayo akageuza uso upesi, kama aliyepigwa na moshi.

Jua likachomoza. Velu akaja mbio, maji yakiruka kila upande, na Neli akampisha ili akiokoe chungu. Velu hakukigusa. Alisimama akitazama maziwa yakishuka ubavuni, yakilia kwenye makaa, kisha akainua mikono yote miwili, akaanza kurukaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi, machozi yakimtoka.

"Yamemwagika!" akaimba. "Yamemwagika, dada! Miaka mitatu nimepika peke yangu, hayajawahi kumwagika. Sasa mwaka utajaa kama chungu hiki, wangu na wako!"

Povu lilikuwa bado linapanda, na ahadi ilikuwa mpaka lishuke. Neli akautazama mgongo wa mkwewe, akalifikiria dume la baba yake, akajaza kifua pumzi, akapiga kelele tena.