Majibu ya Mwanaidi

Miaka hiyo, mtu akiomba kazi hakuhojiwa yeye. Alihojiwa mtoto wake. Hemedi, fundi umeme aliyekaa miaka miwili bila kazi, alimfundisha binti yake Mwanaidi, mwenye miaka sita, majibu kwa mwezi mzima.

"Baba akikasirika hufanya nini?" mashine ya usaili ilimuuliza mtoto siku ilipofika.

"Hakasiriki," Mwanaidi alijibu. "Hunisimulia hadithi."

Hemedi akapata kazi kiwandani. Wiki iliyofuata uji ulimuunguza Mwanaidi mkono. Hemedi alikimbilia jikoni, akamkuta machozi yanamtiririka.

"Inauma, mwanangu?"

Mwanaidi alijifuta haraka, akatabasamu. "Hapana, baba. Nina furaha sana."

Hemedi alimbembeleza aseme kweli. Mtoto akamtazama kwa wasiwasi, akamuuliza amekosea jibu lipi.