Foleni Kando ya Daua

Panga lilimshukia yule kijana shingoni kabla hajamaliza kuapa kuwa si mwanajeshi. Alianguka mchangani, akitupatupa miguu, na waliokuwa nyuma yake wakasogea hatua moja mbele, kama wanaosubiri mgao wa unga. Kilichomponza ni viatu vya jeshi. Alishavivua, sawa, lakini alama zilibaki kwenye vifundo, ngozi laini isiyo na hata unywele mmoja.

Aliyefuata alikuwa jenerali.

Msishangae. Serikali ikianguka, hata majenerali hupanga foleni. Huyu alikuwa ametembea peku siku kumi na saba kutoka Mogadishu, akivisugua vifundo kwa mchanga mpaka vikatoa damu, ndevu zimemjaa, kiunoni kikoi alichokivua kwenye maiti njiani. Sasa, Februari ya tisini na moja, alisimama chini ya mikoma, ile mitende ya mwituni, ukingoni mwa mto Daua uliokauka, na mji wa Mandera, upande wa Kenya, aliuona kwa macho. Hatua arobaini mbele yake ilifungwa kamba, na nyuma ya kamba aliketi Sajini Muriuki wa polisi wa Kenya, akiandika majina. Ukiivuka kamba ile umekuwa mkimbizi, na mkimbizi haulizwi jana alikuwa nani. Upande wa huku sajini hakutaka kuujua. "Hayo ni yenu wenyewe," alishawaambia asubuhi, akawapa mgongo.

Yarrow, mwenye panga, alimkagua jenerali vifundo, akamgeuza nyayo, akaguna. Akamsukuma kwa Raho.

Raho ndiye aliyeuliza maswali. Mume na watoto wanne aliwazika shimo moja siku El-Hagar ilipopigwa mabomu, na tangu siku hiyo watu wa mji ule walikuwa wakitangatanga mpakani; sasa serikali imeanguka, walimtafuta kila mwanajeshi aliyekimbia. Wanaume walimwachia yeye kazi hiyo. Nani alikuwa na haki kumshinda?

"Nasaba yako, adeer," alisema, kwa heshima, kama anayezungumza na ndugu wa baba yake.

Jenerali alitaja mababu kumi na wawili, si wake bali wa shemeji yake, bila kukwama.

"Na kwenu wapi?"

"El-Hagar."

Lo! Katika miji yote! Lakini alishapiga hesabu zake. Wanajeshi walichinjwa kwa ajili ya El-Hagar. Nani angemshuku mtu wa El-Hagar mwenyewe? Tena mji ule aliujua kuliko mtaa aliozaliwa. Mwaka wa themanini na nane, akiwa bado kanali wa jeshi la anga, rubani aliyesomeshwa Urusi hadi walimu wake wakamwonea wivu, aliuchunguza kwenye picha wiki nzima. Kisha asubuhi moja akaupitia mara mbili, akarudi kambini ndege haina hata bomu moja. Kwa kazi ya asubuhi hiyo akavishwa nyota ya jenerali. Aliye juu mngoje chini, husema watu. Hawa walimngoja karibu miaka mitatu, na leo yuko mbele yao, vumbi mpaka kwenye kope, wala hawamjui.

"Visima vyetu ni vingapi?"

"Vitatu, vimekaa kama mafiga. Cha kaskazini ndicho kikubwa."

"Na msikiti?"

"Wa mabati. Paa lina kiraka chekundu, upande wa nyuma."

"Kiraka? Nimekaa jirani na msikiti ule tangu niolewe. Sijakiona."

Yarrow akaliinua panga. Ulimi wa jenerali haukumwangusha. "Mimi ndiye niliyekigongomea, walaal, ndugu yangu. Ukiwa chini hakionekani."

"Ulimpoteza nani?"

"Wote," alisema, na machozi yakamtoka. Yalikuwa ya kweli kabisa, wallahi: alikuwa akijililia mwenyewe.

Raho akamshika bega. Alitaka sana kumwamini, maskini, maana mtu wa kwenu aliyepona ni kama wako mmoja amefufuka. "Haya, pita, adeer. Mwambie sajini kwamba Raho anakujua."

Jenerali akaanza kwenda. Hatua kumi. Ishirini. Alishaona hata vifungo vya shati la sajini.

Hapo ngurumo ikatoka upande wa kusini. Ilikuwa ndege ya miraa kutoka Nairobi, ile ya kila siku, ikishuka chinichini juu ya mikoma. Jenerali aliitambua kwa injini tu, na hakushtuka hata chembe. Ila mtu wa El-Hagar akisikia ndege hufanyaje? Hilo hakuhitaji kufundishwa. Aliwaona kwa macho yake mwenyewe asubuhi ile, kutoka juu, uwanja mzima wa soko, kifudifudi, viganja kisogoni.

Akajitupa chini, kifudifudi, viganja kisogoni, akapiga yowe: "Ya Allah! Ya Allah!" Mchanga ukamjaa kinywani. Kimoyomoyo alijipongeza, hata mwigizaji wa redio asingefanya vizuri zaidi.

Ndege ikapita. Akainua kichwa.

Foleni haikuwepo. Wanaume, wanawake, hata vitoto vya El-Hagar, wote walikuwa wamesimama wima, kila mmoja amekumbatia shina la mkoma, asionekane kutoka juu. Aliyelala chini ni yeye, na yule kijana aliyekatwa.

Raho aliliachia shina lake, akaja polepole. Alipompita Yarrow alinyoosha mkono, akapewa panga.

"Waliolala chini siku ile, adeer," alisema, "hakuna hata mmoja aliyeamka."